Mabibo Hayangoji Mnada

Korosho ina subira. Ikianikwa ikakauka, ikatiwa guniani na kupelekwa ghala la chama, inaweza kukaa wiki na miezi ikisubiri bei, na tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007 kazi yake kubwa imekuwa hiyo hiyo, kusubiri. Bibo, tunda lake, halijui kusubiri. Likianguka alfajiri, mchana limeshapasuka kwa jua, jioni linanuka chachu, kesho yake ni mali ya nzi. Na bibo ni zito kuliko korosho yake mara tano, pengine mara kumi. Mkulima anayepeleka gunia moja mnadani ameacha chini ya miti yake magunia kadhaa ya tunda tamu ambalo hakuna tajiri wa kigeni aliyelipia meli ije kulichukua. Zidisha kwa mikorosho ya Newala, Tandahimba na Masasi, kuanzia Septemba mpaka mwisho wa mwaka. Vilabu vya pombe vya uwanda wa juu wa Makonde, kama tunavyovijua leo, vimeota juu ya utajiri huo unaooza.

Nasema vilabu, si baa. Baa ina bango la kampuni ya bia, viti vya plastiki, friji, na spika iliyowekwa makusudi ili watu wasisikilizane. Kilabu ni banda la miti na nyasi, siku hizi mara nyingi bati, nyuma ya nyumba ya mwanamke fulani ambaye kila mtu anamjua kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kuna gogo la kukalia, mkeka, benchi moja ambalo wenyeji wanajua upande gani usikalie. Kuna ndoo zenye vifuniko, jagi na makopo. Uraka, yaani pombe ya mabibo, hupimwa kwa kopo, na kopo likijaa halikai mbele ya mtu mmoja. Bango halipo kwa sababu harufu inatosha.

Anayetaka kuelewa kwa nini kinywaji hiki kimeshika sana huku juu aanze na maji. Newala mjini pamekaa ukingoni kabisa mwa uwanda. Ukisimama pale panapoitwa Shimo la Mungu, ardhi inakatika miguuni pako na bonde la Ruvuma linafunguka hadi Msumbiji. Wageni hupiga picha. Wenyeji, hasa wanawake, wamelitazama bonde hilo kwa macho mengine, kwa kuwa maji yako chini na nyumba ziko juu.

Mjerumani Karl Weule, aliyepita Masasi, Newala na Mahuta mwaka 1906 akiwa na mashine yake ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta, alilirudia katika kitabu chake cha 1908 simulizi la asili ya Wamakonde. Mtu wa kwanza, mpweke porini, alichonga sanamu ya mti. Kulipokucha sanamu ilikuwa mwanamke. Walikaa karibu na mto, mtoto wao akafa. Wakahama, na wa pili naye akafa. Walipopanda juu kabisa, kwenye vichaka vikavu, mtoto wa tatu akaishi. Wahenga wakausia kizazi chao kikae juu, mbali na mabonde na maji makubwa, kwa kuwa huko ndiko magonjwa yalikojificha. Daktari wa leo anayeijua malaria hatalicheka simulizi hilo. Lakini usia huo ulilipiwa na mabega ya wanawake, waliokuwa wakiteremka genge na mitungi mitupu na kulipanda tena na mizigo. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, Wafini wakaja kusaidia maji vijijini Mtwara na Lindi kuanzia miaka ya 1970, na bado hadi leo hujapata mji wa uwanda huu ambao mazungumzo yake yanaweza kupita siku nzima bila bei ya dumu la maji kutajwa.

Sasa fikiria pombe ya nafaka mahali kama hapo. Mtama au mahindi hulowekwa mpaka yachipue, kimea kikaanikwa na kutwangwa, uji ukapikwa kwenye chungu kikubwa, ukapozwa, ukalazwa, ukachujwa. Kila hatua inadai maji, na hatua zenyewe huchukua siku kadhaa. Zaidi ya hapo, nafaka ni chakula. Pombe ya namna hiyo haikuwa ya kila jioni. Ilikuwa na sababu: watu wamealikwa kulima shamba la mtu, wali wanatolewa jandoni, arobaini ya marehemu imefika, mavuno yamejaa. Ilipikwa kwa ajili ya tukio, ikanywewa na waliohusika, ikaisha. Biashara ya kuuza pombe kwa kopo kwa yeyote mwenye senti ilikuja na miji, askari, vibarua na leseni za Mwingereza, ambaye aligundua mapema kwamba ushuru wa pombe hujaza hazina za wenyeji bila makelele mengi kama ya kodi ya kichwa.

Mkorosho ulibadili hesabu yote. Wareno walikuwa wameuleta pwani kutoka Brazili tangu karne ya 16, lakini ulingoja hadi baada ya Vita Kuu ya Pili kuwa zao la biashara la Newala na jirani zake. Ulipanda upesi: msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka Mtwara na Lindi. Wanauchumi waliona korosho. Wanawake waliona pia bibo, tunda linalokuja na maji yake. Hakuna kuteremka genge. Hakuna kula akiba ya chakula cha watoto. Unaokota, unatwanga kinuni au unakamua kwa mikono, unachuja, unaacha mpaka jioni. Mara nyingi hata mwenye shamba haulizi, maana anachotaka ni korosho. Ukimng'olea korosho na kumwekea pembeni, mabibo ni yako.

Kwa hiyo hii tunayoiita pombe ya asili, ile ambayo wazee huitaja kwa sauti ya watu wanaolinda mila, haina umri mkubwa kuliko Land Rover za mashambani. Silisemi hili kuidharau. Nalisema kwa sababu linanifurahisha: kwa muda wa maisha ya mtu mmoja, watu walichukua taka ya zao la kuuza nje na kuijengea adabu zake, lugha yake, watani wake na sheria zake za nani akae wapi.

Adabu hizo zimetokana na uraka wenyewe. Asubuhi ni kama sharubati, mtamu na wenye ukakasi unaobaki kooni. Alasiri umeanza kuuma ulimi. Jioni ndiyo saa yake. Ukilala hadi kesho unakuwa mkali, unanuka, na mnywaji mwenye heshima zake atakuuliza kwanza kama ni wa leo au wa jana. Muuzaji hana pa kuuweka. Ndoo tatu alizochuja ni lazima ziishe usiku huo. Ndiyo maana kilabuni kulikuwa na ukarimu ambao baa haijawahi kuuweza: saa tatu usiku, ndoo ikiwa imebaki robo, mama muuza hana sababu ya kumfukuza mzee asiye na kitu. Anamwekea kopo. Anamwandikia deni, au haandiki. Watu husema ukarimu ule ulikuwa utu wa watu wa zamani. Nadhani sehemu kubwa ilikuwa ni kuchacha. Bia iliyoko kretini haichachi, kwa hiyo mwenye baa hana haja ya kuwa mkarimu. Anafunga friji, anazima taa, na kesho chupa ile ile inauzwa kwa bei ile ile.

Kinywaji kisichowekeka pia kiliwaweka watu pamoja kwa saa moja. Huwezi kubeba uraka ukanywe peke yako siku utakapojisikia. Unakwenda pale, wakati ule, na unawakuta waliokwenda pale wakati ule: mwalimu aliyestaafu, fundi baiskeli, mwenyekiti wa kitongoji, kijana wa bodaboda ambaye amefunga pikipiki yake mbali ili asionekane. Wanawake nao hunywa, hasa waliokwisha kuzaa na kuzeeka, na maneno yao huwa ndiyo makali zaidi. Kimakonde, Kimakua na Kiyao hupokezana na Kiswahili ndani ya sentensi moja. Utani wa makabila unaruhusu kusema lisilosemeka penginepo. Lakini usidhani ni mahali pasipo mipaka. Katika jamii hizi zinazofuata ukoo wa mama, mjomba si mtu wa mzaha, na mkwe hata zaidi. Kijana akichungulia bandani akamwona baba mkwe wake kwenye gogo, anageuza kimya kimya kwenda kilabu kingine, na kila aliyemwona anajua kwa nini na hamwiti. Nimeona watu wakimsifu mtu kwa hilo kuliko kwa shahada.

Pale ndipo AMCOS, vyama vya msingi vya wakulima, zilipojadiliwa kwa ukweli. Kwenye mkutano wa chama cha msingi, meza ina kitambaa na katibu ana mafaili. Kilabuni mtu huuliza kwa nini gunia lilipungua kilo kati ya mzani wa kijijini na mzani wa ghalani, makato haya ni ya nini, na yule mjumbe mwenye pikipiki mpya ameinunua kwa mshahara upi. Vyama vikuu vya ushirika, MAMCU upande wa Masasi na TANECU upande wa Newala na Tandahimba, vimechambuliwa kwenye magogo hayo kwa umakini ambao wakaguzi wa hesabu wangeweza kujifunza kitu kwake, ijapokuwa ushahidi ulipungua jinsi makopo yalivyozunguka.

Na Newala ni nchi ya misikiti. Mgeni hushangaa: adhana inasikika kutoka bandani. Wenyeji hawashangai sana. Wameishi na jambo hilo kwa namna ya watu wanaojuana, yaani kwa kuona na kutoona. Ramadhani ikifika mabanda hufungwa au hufanya kazi kwa kujificha. Kwa vile mwezi huo hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, kuna vipindi ambapo huangukia katikati ya mabibo. Ilikuwa hivyo kati ya mwaka 2002 na 2005, ilipoangukia Oktoba na Novemba. Mama muuza aliyezoea kusoma mkorosho alilazimika kusoma mwezi pia. Masasi mjini, chini ya vilima vya mawe, waliko Waanglikana tangu wamisionari wa UMCA walipowaleta watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar mwaka 1876, kalenda ya kunywa ni nyingine, ila lawama za mimbarini hazitofautiani sana.

Lawama hizo zina msingi, na sitaki kuzipitia haraka kwa kuwa watu wanaoandika juu ya vilabu huwa na tabia hiyo. Kuna wanaume waliokunywa daftari za watoto wao. Kuna wake waliopigwa. Na kuna kangomba, ambayo hustawi mahali pale pale. Kangomba ni bakuli la kupimia, lakini jina limekuwa la biashara nzima: mtu mwenye fedha kidogo anapita miezi ya njaa, Februari, Machi, Aprili, wakati hakuna korosho wala bibo, na kumpa mkulima fedha taslimu kwa korosho ambazo bado hazijachanua. Bei ni ya kuumiza. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mazungumzo yake huanzia palipo na kopo, kwa sababu mtu mwenye deni la pombe ni rahisi kumnunua kuliko mtu mwenye deni la dawa; wa dawa ana ndugu, wa pombe anaona aibu. Mkono ule ule uliomwekea mzee kopo la bure saa tatu usiku unaweza kuwa ndio unaoshika daftari ambalo mwenye kangomba anakuja kulilipa. Ukarimu na mtego vilikaa benchi moja.

Msimu ukifika mwisho, kilabu cha uraka hufa kwa muda. Hapo ndipo inapoingia nipa, pombe kali ya mvuke wa uraka, ndugu wa gongo la kwingineko nchini. Hata ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, jina hilo hilo linajulikana. Uraka unaochemshwa kwenye pipa, mvuke ukapita kwenye bomba lililopozwa kwa maji, unatoa kinywaji kisichochacha. Nipa ndiyo ghala la bibo. Chupa iliyopatikana Novemba inaweza kuuzwa Mei. Kwa mwanamke asiye na akaunti benki, hiyo ndiyo akiba.

Lakini bibo lilipopata subira lilipata pia matatizo ya vitu vyenye subira. Nipa inabebeka, kwa hiyo hainywewi tena chini ya macho ya mjomba na mkwe. Kijana anaiweka mfukoni. Inasafirishwa, kwa hiyo ina madalali. Inaweza kuua, maana mpikaji anayetaka kuongeza wingi kwa njia za mkato humpofusha mtu au kumzika. Na ni haramu kisheria, kwa hiyo polisi hufika, pipa likamwagwa, mama akapelekwa kituoni, na wiki moja baadaye pipa jingine likawa jikoni. Mchezo huu umechezwa tangu enzi za mkoloni bila upande wowote kushinda.

Serikali ya Uhuru iliwahi kufikiria njia nyingine. Mwaka 1966 Bunge lilipitisha sheria ya utengenezaji wa moshi, yaani gongo, iliyokusudia pombe ya wapikaji wa vijijini iweze kutengenezwa kwa leseni badala ya kujificha. Waganda walikuwa wametangulia mwaka mmoja kwa sheria yao ya enguli, na huko ndiko Uganda Waragi ilikotokea. Kwetu wapika nipa wa Newala hawakupata kiwanda cha kuwanunua. Mwaka 1968 ikaja Sheria ya Vileo, inayovitambua vilabu vya pombe za kienyeji kwa leseni na saa zake, na kuiacha nipa ilipokuwa, nje ya uzio. Kenya ilihalalisha chang'aa kwa masharti mwaka 2010. Na Goa, nchini India, ambako Wareno hao hao waliupeleka mkorosho huo huo, watu hukamua bibo hilo hilo, huchemsha kwa namna isiyo tofauti sana na ya mama wa Newala, na kinywaji chao, feni, kilipewa mwaka 2009 hati ya kulindwa kama mali ya asili ya mahali pale. Watalii huletwa kuonja. Tofauti kati ya mpishi wa Goa na mpishi wa Newala haimo ndani ya chungu. Nimewahi kumsikia mtu akisema huku ni kukosa ujuzi. Si kweli, ni kukosa mtu mezani siku sheria zilipoandikwa.

Ni vigumu kuhadithia bahati za vilabu bila kuhadithia bei ya korosho, na uhusiano wa viwili hivyo si ule ambao mtu angeutarajia. Miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kutoka kwenye mashamba yao yaliyotawanyika; mikorosho ikabaki nyuma bila mpaliliaji, bei za serikali zikavunja moyo, ugonjwa wa ubwiri unga ukafuata na kukausha maua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nchi nzima ilikuwa haifikishi tani 20,000. Watu walikuwa maskini, maduka yalikuwa matupu, na bia ilikuwa kitu cha kusikia. Vilabu vilishamiri. Hakukuwa na kingine. Wanaokumbuka vilabu vikubwa, vyenye ngoma za mwisho wa wiki na sindimba iliyochezwa hadi vumbi likaufunika mwezi, wanakumbuka miaka ya dhiki.

Kisha salfa ya kutibu ugonjwa huo ikaja, miti ikapona, na kadiri korosho zilivyopanda bei ndivyo kilabu kilivyoshuka hadhi. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000 na bei ikafika karibu na shilingi 4,000 kwa kilo. Masasi mjini ziliota grosari na baa kila kona. Pikipiki mpya, mabati mapya, kreti zikipakuliwa mchana. Kijana aliyekuwa na fedha za msimu hakutaka kuonekana akiinamia kopo la plastiki na babu yake. Chupa ya bia inaonyesha. Inasimama mezani, ina nembo, na jirani anaweza kuzihesabu. Uraka hauonyeshi kitu.

Mwaka uliofuata ulikuwa na somo lake. Wanunuzi walikuja na bei za chini, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba 2018 Rais Magufuli akatangaza kuwa Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaja kuzibeba. Malipo yakachelewa. Kukawa na uhakiki wa mashamba kwa wenye mzigo mkubwa, majina yakasomwa, mengine hayakusomwa, mwaka ukageuka na watu wakiwa bado wanangoja ujumbe wa benki. Mwenye baa hakopeshi mtu anayengoja uhakiki. Mabibo, kwa upande wake, yalianguka kama kawaida, na mama muuza anamjua mteja wake, mama yake mteja, na shamba lake lilipo. Kabla ya hapo, Machi 2017, viroba vilikuwa vimepigwa marufuku, vile vifuko vidogo vya pombe kali ambavyo hata mtoto wa shule alimudu. Basi mlevi wa bei rahisi hakuwa na pa kwenda ila huko huko kwenye banda la nyasi.

Kuna jambo ambalo ripoti za zao la korosho hazilisemi, na kwangu ndilo kubwa. Fedha ya korosho huja mara chache kwa mwaka, kwa mkupuo, kwenye akaunti iliyosajiliwa kwa jina la mtu mmoja, na jina hilo mara nyingi ni la mwanamume, hata pale ambapo ukoo wa mama ndio wenye ardhi na mwanamke ana mikorosho yake. Fedha ya uraka huja kila jioni, noti zilizokunjamana na sarafu, na hulala kwenye fundo la kanga. Ya kwanza hununua bati na pikipiki. Ya pili hununua sabuni, mafuta ya taa ya zamani na vocha za sasa, chumvi, sare ya shule, nauli ya kwenda hospitali ya Mkomaindo au Ndanda. Anayepigania kufunga vilabu kwa ajili ya watoto na aliyesomeshwa kwa fedha za kilabu mara nyingi ni mtu mmoja, ameketi ofisini wilayani, amevaa suti.

Kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara, kimekuwa kikifundisha namna ya kutengeneza sharubati, jamu na mvinyo wa mabibo. Ni kazi njema, na mvinyo wenyewe si mbaya, ingawa mzee wa Newala aliyeonjeshwa angeuliza ukakasi umekwenda wapi. Tatizo ni kwamba mvinyo unataka chupa, lebo, vipimo vya ubora, na soko lililoko Dar es Salaam. Mwanamke mwenye ndoo tatu na banda lililoegemea ukuta hana hata kimoja. Kinachoweza kumfikia mapema zaidi ni barabara. Ile ya kilomita 210 kutoka Mtwara kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi imekuwa ikiwekwa lami kwa vipande, na kila kipande kinachokamilika kinaliwezesha lori la bia kupanda uwanda hata mvua za Februari zikinyesha. Zamani matope yalikuwa upande wa kilabu.

Na kilabu chenyewe kimejifunza kudanganya kalenda. Miezi isiyo na mabibo, wapikaji huchachusha sukari, na humo humo hutia kitu cha kukumbushia ladha. Kwa hiyo sasa wanafuatilia bei ya sukari kama wakulima wanavyofuatilia mnada wa TMX, soko la bidhaa. Mwanzoni mwa mwaka 2024, sukari ilipoadimika nchini na bei ikapaa, mabanda mengi yalikaa makavu huku wazee wakibishana kama kile kinachotoka kwenye sukari kinastahili kuitwa uraka au ni tusi tu kwa mkorosho. Oktoba ya mwaka huo huo bei ya korosho mnadani ikavuka shilingi 4,000, baa za Masasi zikajaa vijana, na mabibo yakajaa tele kwa waliobaki.

Mabishano bado yanaendelea, na hayana mwamuzi. Mzee anakaa kwenye gogo, anapokea kopo, ananusa kabla ya kunywa.

"Mama Hadija, hii ni ya mabibo kweli, na ni ya leo?"

"Shikamoo, babu. Ya leo. Lile deni lako ndilo la juzi."